Miguu Chini ya Geti

Kwa miaka thelathini na moja Bwana Mita aliinamia mageti ya watu. Ndivyo alivyofanya kazi. Kabla ya kugonga, kabla ya kupiga hodi, alishika magoti, akashusha kichwa mpaka shavu likakaribia vumbi, akachungulia ule uwazi ulioachwa kati ya geti na ardhi kuona kama kuna miguu. Miguu ya watu haikumshughulisha. Alitafuta ile yenye kucha. Akiiona, alichomoa penseli sikioni akaandika herufi moja pembeni mwa namba ya nyumba kwenye daftari lake: M. Mbwa mkali alipewa M mbili. Yule wa geti la kijani, karibu na tangi la maji, alipewa M tatu.

Kazi yenyewe ilikuwa kusoma mita za maji, na huko ndiko jina lilikotoka. Hata mkewe, akimsema kwa majirani, alimwita Bwana Mita. Mita za mji ule zilikaa ndani ya ua, kwenye visanduku vya zege vilivyofukiwa ardhini, kila kimoja na mfuniko wake wa chuma. Alikuwa na kulabu ya kunyanyulia mfuniko na kitambaa cha kufutia kioo, maana konokono walipenda sana kulala juu ya tarakimu. Wasomaji wenzake wakikuta mbwa mkali walibaki barabarani, wakatazama namba ya mwezi uliopita, wakaongeza kidogo, wakaandika. Hiyo iliitwa kukadiria. Bwana Mita hakuwahi kukadiria. Hakuandika namba ambayo hakuiona kwa macho yake, na kwa jambo hilo alijivuna mpaka akachosha watu.

Sasa kuna jambo ambalo hakuna aliyelijua. Bwana Mita aliogopa mbwa. Na si hofu ile ya mtu kupisha njia kidogo mbwa apite. Akimsikia mbwa anabweka mtaa wa pili, viganja vilimlowa, na ulimi ukakauka mpaka salamu haitoki. Mwezi wake wa kwanza kazini, mbwa mdogo wa rangi ya chai alimng'ata nyuma ya mguu, huku mwenye mbwa amesimama kando anasema, "Haumi huyu, ingia tu." Msimamizi aliutazama mguu ule, akamwambia anayeogopa mbwa akatafute kazi ya kukaa kitini. Bwana Mita alikuwa ameoa wiki sita tu zilizopita. Alijikaza kisabuni, akafunga kitambaa, akarudi nyumbani kumwambia mkewe kwamba amechanwa na msumari wa geti.

Mkewe ni mshonaji. Aliishona suruali, kisha akamkokota mumewe hadi zahanati kuchomwa sindano ya pepopunda. Tangu siku hiyo kila suruali iliyochanika ilichanwa na msumari. Kwa anavyojua mama yule, mji mzima ulijengwa na mafundi wasiojua kupigilia.

Angeishia hapo kwenye misumari, pengine mambo yasingemfika shingoni. Lakini binti yake alipozaliwa na kuanza kuzungumza, alipenda kuulizia kazi ya baba, na habari za kazi ya baba bila mbwa zilikuwa fupi mno: mfuniko, konokono, namba. Ndipo Bwana Mita akaanza kupiga chuku mezani. Mbwa aliyemkimbiza hadi juu ya ukuta akawa mbwa aliyemsindikiza. Aliyemwangushia kofia akawa amempokea kofia. Kila mwezi binti aliwaulizia kana kwamba ni baba zake wadogo, na Bwana Mita akamjibu kwamba wote hawajambo, wanamsalimia. Binti alikua, akasoma, akaajiriwa kwenye duka la dawa, akaolewa, na bado kila akija kula Jumapili aliuliza, "Na Kamanda je?"

Kamanda ndiye yule wa geti la kijani, M tatu. Kwa miaka tisa Bwana Mita alimjua kwa vitu vitatu: miguu miwili ya mbele, minene, iliyokuja mbio chini ya geti, pua nyeusi iliyopuliza vumbi hadi kwenye viatu vyake, na sauti. Alibweka mara tatu mfululizo, akanyamaza kidogo, kisha akamalizia na mbweko mmoja mzito uliotikisa bati la geti. Mwenye nyumba, mzee mmoja mjane, alikuja taratibu akisema "Kamanda, tulia," akampeleka nyuma ya nyumba kumfunga, ndipo akafungua. Siku moja alisahau kumfunga. Bwana Mita hakusubiri kuona mbwa ana kimo gani. Aliparamia ukuta, akaiacha nusu ya suruali huko juu, na siku hiyo, kwa mara moja, msumari ulikuwa msumari kweli. Daftari liliangukia ndani. Mzee alimletea hadi nje, pembe moja imetafunwa. "Alitaka kucheza tu," alisema. Nyumbani hadithi ikawa kwamba Kamanda alimbebea daftari mdomoni, na binti, mtu mzima mwenye mume, alicheka hadi machozi.

Basi alipostaafu, wenzake walimpa saa ya ukutani, idara ikamwachia kulabu yake, na binti akasimama sebuleni mbele ya mama yake akatangaza zawadi ya familia.

"Baba, miaka yote hiyo umependa mbwa wa watu. Sasa utakuwa na wako."

Bwana Mita alitabasamu, kwa sababu uso ulikuwa umeshazoea kutabasamu kila neno hilo likitajwa. "Msijisumbue, wanangu," alisema.

"Mwone," mkewe alisema, "mpaka ameshindwa kuongea kwa furaha."

Hapo ndipo angesema. Maneno mawili tu, naogopa mbwa, na watu wangeendelea kunywa chai. Hakusema. Akajilaumu usiku na mchana kwa miezi mitano, na bado hakusema. Katika mji mzima kulikuwa na geti moja tu ambalo Bwana Mita alilifungua bila kuinama, nalo lilikuwa lake. Miaka thelathini na moja, kila jioni, alishika komeo lile akiwa amesimama wima, akalisukuma, akaingia, akaacha hofu ya siku nzima barabarani kama mtu anavyoacha viatu vyenye tope. Mahali pekee alipopumua ndipo walipotaka kumwekea mbwa, na walitaka kwa mapenzi, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote. Huwezi kumfokea mtu anayekupenda kwa kosa la kuamini uongo wako.

Ugomvi wa ndani ya nyumba, basi, haukuwa juu ya kuwa na mbwa. Ulikuwa juu ya mbwa gani. Binti alitaka mtoto wa mbwa wa ukoo bora, mwenye cheti, ili ijulikane tangu mwanzo atakua vipi na atakuwa na tabia gani. Mama alitaka mbwa mzima kutoka kituo cha mbwa waliotupwa, ambaye ameshajifunza haja anafanyia wapi.

"Mama, wale wametupwa kwa sababu. Utajuaje yaliyowapata?"

"Na huyo wako mwenye cheti atakojoa kwenye zulia langu kwa cheti."

"Ni kwa ajili ya baba! Baba anastahili kitu kizuri."

"Baba yako anajua mbwa kuliko mimi na wewe. Hahitaji karatasi."

Walibishana juu ya sahani, kwenye simu, na juu ya cherehani mama akiwa na pini mdomoni. Bwana Mita alikaa katikati kama mpira wanaogombania watoto. Mara moja alijaribu. "Kwa nini tusifuge kuku?" aliuliza.

Wote wawili walimgeukia kwa huruma. "Baba, acha kujinyima," binti alisema.

"Au samaki. Wale wa kwenye kioo."

"Miaka yote hiyo umejinyima," mkewe akasema, na macho yakamlowa. Bwana Mita aliinuka akaenda uani kutazama geti lake.

Jumamosi wakaenda kuwaona wote, mmoja asubuhi na wengine mchana. Binti aliendesha gari. Bwana Mita alikaa nyuma, na ndani ya koti, chini ya kwapa, alikuwa ameficha kulabu.

Mfugaji wa mbwa wa ukoo alikuwa mama mmoja nadhifu, mwenye nyumba inayong'aa na sauti ya mwalimu wa hesabu. Watoto wa mbwa walikuwa wanne, ndani ya uzio mdogo wa mbao sebuleni, kila mmoja na utepe wa rangi shingoni. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya baba yao akiwa na nishani. Bwana Mita aliitazama ile picha kwa makini. Baba mtu alikuwa na kimo cha ndama.

"Huyu wa utepe mwekundu ndiye wenu," mfugaji alisema, akamkabidhi binti cheti kabla ya mbwa. Kilikuwa na baba, babu, babu wa babu na mmoja nyuma ya hapo, wote kwa majina mawili mawili na tarehe. Bwana Mita alijua ukoo wake mpaka kwa babu, na hata huyo babu walikuwa wanabishania jina lake. Kisha wakasomewa masharti: chakula aina hii, kuchanwa manyoya mara tatu kwa wiki, asipande ngazi, asilale sakafu ya baridi, na asiachwe peke yake zaidi ya saa mbili mpaka atimize mwaka.

"Mwaka mzima?" Bwana Mita aliuliza.

"Si umestaafu, baba?" binti alijibu kwa furaha. "Mtakuwa pamoja siku nzima!"

Yule wa utepe mwekundu akawekwa sakafuni. Alipepesuka, akanusa zulia, akaja moja kwa moja kwenye kiatu cha Bwana Mita, akatafuna kamba yake, na alipochoka akakiegemea kiatu na kulala. Alikuwa na uzito wa mfuko wa sukari. Bwana Mita hakuweza kuusogeza mguu. Jasho jembamba lilimtoka, likapita nyuma ya sikio, likaingia kwenye ukosi. Alisimama vile kwa robo saa nzima, mtu mzima amefungwa na kitu kisichofika nusu ya kiatu, huku wanawake watatu wakimtazama na kutikisa vichwa kwa mahaba.

"Amemchagua," mfugaji alisema. "Na msiwe na wasiwasi, ukoo huu hauumi."

Bei ilitajwa kwa sauti ya chini, kama inavyotajwa habari ya msiba. Mama aligeuza uso kuelekea dirishani. Binti aliomba wapewe hadi jioni, mfugaji akakubali kwa kuangalia saa.

"Sasa twende tukaone wangu," mama alisema walipotoka. "Kisha mzee wangu ataamua mwenyewe. Hatutaki kumlazimisha."

Bwana Mita alicheka peke yake kule nyuma, kicheko kikavu, na hakuna aliyemuuliza anacheka nini.

Kituo cha mbwa waliotupwa kilikuwa ghala la zamani lenye paa la bati, vizimba vya wavu pande zote mbili na njia ya saruji katikati. Mlezi wake, dada mrefu aliyevaa mabuti ya mpira na kushika ndoo, aliwafungulia mlango, na kelele ikawavamia. Mbwa arobaini walibweka kwa pamoja. Binti aliziba masikio. Mama alikaza mkanda wa mkoba wake. Bwana Mita aliingia wa mwisho, akitembea katikati kabisa ya ile saruji kwa hatua zilizopimwa, mkono mmoja ndani ya koti, akihesabu vizimba vilivyobaki. Alihesabu kwa sababu ndivyo alivyozoea kuvuka siku zake: nyumba ishirini bado, kumi na tisa bado.

"Huyu mnyamavu ni nani?" mama aliuliza walipofika kizimba cha mwisho.

Ndani alilala mbwa mkubwa wa kahawia, uso wenye mvi, amewapa mgongo. Hakugeuka. "Huyo ni mgumu," mlezi alisema. "Mwezi wa tatu huu yuko hapa. Habweki, hainuki kwa mtu, chakula anaonja tu. Watu wanataka mbwa anayekuja kwenye wavu, na huyu haji kwa yeyote. Mzee aliyekuwa naye alifariki, majirani wakamleta. Kule karibu na tangi la maji, nyumba ya geti la kijani."

Mama alisogea kwenye kibao kilichotundikwa, akakisoma, akashika kifua. "Mungu wangu. Kamanda!"

"Kamanda wetu?" binti alipiga yowe. "Kamanda wa daftari?"

Viganja vya Bwana Mita vilikuwa vimelowa kabisa, na kulabu ikateleza, ikapita ndani ya koti, ikaanguka juu ya saruji kwa mlio uleule iliokuwa ikitoa kila mwezi kwenye mfuniko wa chuma wa nyumba ile. Masikio ya mbwa yakasimama. Alijiinua kwa shida, nyuma kwanza, akageuka. Kisha akaja mbio kwenye wavu na kubweka mara tatu, akanyamaza kidogo, akamalizia na mmoja mzito.

Bwana Mita aliruka nyuma mpaka mgongo ukagonga kizimba cha upande wa pili. Miguu ya mbwa ilikuwa ileile minene, pua ileile, sauti ileile. Lakini geti la kijani lilikuwa la bati tupu na huu ulikuwa wavu, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa aliona kilichokuwa nyuma ya ile miguu na ile pua. Mkia ulikuwa unapigapiga huku na huku, ukipeleka kiuno chote, na mbwa mzee alikuwa anayumba kwa kuutikisa. Alirudia tena, mitatu na mmoja, akamtazama kana kwamba anamuuliza mbona amechelewa miezi yote hiyo.

"Hajabweka tangu aletwe," mlezi alisema, na ndoo akaiweka chini.

Binti alikuwa tayari analia. "Basi, mama, umeshinda. Nampigia yule mfugaji sasa hivi. Huyu ni wa baba." Mama naye alijifuta kwa ncha ya kitambaa. Hakuna aliyemtazama Bwana Mita usoni, na hata wangemtazama, wangedhani ni furaha.

Ofisini palikuwa na meza moja, viti vitatu na fomu yenye maswali kumi na manne. Mlezi aliuliza, akaandika. Ukuta una urefu gani. Kuna kivuli. Nani atakuwa nyumbani mchana. "Nani kati yenu ana uzoefu na mbwa?" Mama na binti walinyoosha vidole pamoja. "Huyu. Miaka thelathini na moja!"

"Vizuri. Swali la tisa. Je, kuna mtu nyumbani anayeogopa mbwa?"

Mama alicheka. "Kwetu? Andika hapana."

Kalamu ikashuka kwenye karatasi. Bwana Mita aliiona inashuka, akaona kile kisanduku kidogo cha jibu, na kitu ndani yake kikakataa. Miaka yote ile, na mbwa wote wale, hakuna karatasi iliyowahi kujazwa mbele yake kwa jambo ambalo si kweli.

"Andika ndiyo," alisema.

"Ndiyo nini, baba?"

"Ndiyo, yupo anayeogopa. Ni mimi."

Binti aliangua kicheko. "Baba bwana, na mizaha yako!"

"Mizaha gani?" Sauti yake ilipanda mpaka mbwa wa kizimba cha karibu wakaitikia. "Nimechoka! Naogopa mbwa! Nimewaogopa tangu mwezi wa kwanza wa kazi mpaka leo! Hakuna mbwa aliyenisindikiza, hakuna aliyenipokea kofia, walinifukuza! Huyo Kamanda nilimrukia ukuta! Naogopa hata kile cha asubuhi kilicholala kwenye kiatu!" Akakunja mguu wa suruali, akawageuzia nyuma ya mguu, palipo na alama nne zilizofifia. "Na huu haukuwa msumari."

Mama aliinama, akavaa miwani, akazitazama zile alama kama anavyotazama mshono wa fundi mwingine.

"Msumari," alisema polepole.

"Mama, sikiliza..." Bwana Mita alisema.

"Miaka thelathini na moja nakushonea suruali. Nimeilaani mikono ya mafundi wa mji huu mmoja mmoja. Sindano za pepopunda umechomwa saba, nimekupeleka mimi, nimekaa kwenye foleni mimi, na wewe umelala kifudifudi pale umenyamaza!"

"Ningesema nini?"

"Ungesema mbwa! Neno moja! Mimi nimeolewa na nani, na wewe au na msumari?"

Mlezi alifunga faili taratibu. Aliwaeleza kwamba nyumba yenye mtu anayeogopa hawaipi mbwa, ndiyo kanuni yao, kwa sababu mwishowe mbwa hurudishwa na kutupwa mara ya pili ni kubaya zaidi. "Labda huyo anayeogopa arudi mwenyewe," alisema, "aseme kwa mdomo wake kwamba anamtaka. Si mke, si mtoto. Tunafunga saa kumi na moja."

Walitoka kwa kupitia ile njia ya katikati, maana hapakuwa na nyingine. Kamanda alibweka, mitatu na mmoja, alipowaona. Walipompita aliendelea kusimama. Walipofika mlangoni kelele za wengine zilikuwa zilezile, na sauti yake haikuwemo.

Garini mama alikaa mbele akitazama barabara kama ndiye anayeendesha. Binti aliendesha mtaa mmoja, wa pili, wa tatu. Kisha akamtafuta baba yake kwenye kioo.

"Nimwambie yule mfugaji hapana?"

"Mwambie hapana."

Binti alikata kona. "Baba. Kwa hiyo kila siku ulikuwa unaingia huku unaogopa?"

"Kila siku."

"Na hukukadiria hata mara moja."

"Ningewezaje kuandika nisichokiona?" alijibu kwa hasira, akageukia dirisha.

Alikuwa amepata alichokitaka. Hakuna mbwa wa cheti, hakuna mbwa wa kuokotwa, hakuna uongo wa kulinda mezani. Angetakiwa kupumua. Badala yake alikasirika kila alipokumbuka, na hakujua amkasirikie nani: binti kwa wema wake, mke kwa sindano zake, mlezi kwa kanuni zake, au yule mbwa mpumbavu aliyekaa miaka tisa nyuma ya bati anatikisa mkia pasipo mtu wa kumwona. Mbona hakubweka kwa namna nyingine? Mtu angejuaje? Alimkasirikia sana. Akakumbuka pia kwamba mzee wa geti la kijani alimwambia zaidi ya mara moja kwamba Kamanda anataka kucheza tu, na yeye hakumwamini kwa sababu wenye mbwa wote husema hivyohivyo.

Gari likasimama nyumbani. Binti alikuwa na haraka ya kurudi kwake, akawaaga kwa sauti ya chini na kuwaacha barabarani. Mama alisimama na mkoba wake, mikono ameifunga kifuani, akisubiri afunguliwe. Bwana Mita alilisogelea geti. Alinyoosha mkono kushika komeo, akausitisha. Kisha akashika magoti, akashusha kichwa mpaka shavu likakaribia vumbi, akachungulia chini ya geti lake mwenyewe.

Aliona saruji, ndala moja ya mkewe, na jani lililokauka. Miguu haikuwapo. Akabaki ameinama vile muda mrefu kuliko alivyowahi kuinama kwenye geti la mtu yeyote.

"Unatafuta nini huko?" mkewe alishindwa kuvumilia.

Bwana Mita aliinuka, akajifuta vumbi magotini. Viganja vilikuwa vimelowa tena. "Mama," alisema, "kile kituo yule dada alisema kinafungwa saa ngapi?"

Mkewe alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, akatazama saa yake, akaurudisha mkoba begani.

"Saa kumi na moja. Bado tunawahi," alisema, akaanza kutangulia kurudi barabarani. "Lakini kuanzia leo suruali zako utashona mwenyewe."